Maswali ya Wasomaji: Reti imeshuka, nipokee mkataba au nisubiri?

SWALI: Kaka salama? Mimi ni developa, bekiendi zaidi (upande wa seva, ule mtumiaji haouoni), na kwa miaka sasa naishi kwa mikataba tu. Zamani mkataba ukibaki mwezi uishe mawakala wenyewe wanaanza kunisumbua kwa simu, sa hivi natuma sivii kila mahali najibiwa "tutakutafuta" na ndo imetoka hiyo. Juzi wakala mmoja kanipigia, kuna kazi ya miezi mitatu ila reti, yaani malipo ya siku, ni robo tatu ya ninayochukua siku zote, afu juu yake wanataka nishike frontiendi (kurasa anazoziona mtumiaji), klaudi (seva za kukodi mtandaoni) na simu za dharura usiku. Nipokee au nikaze?
Mchovu wa Intavyuu

JIBU: Pole ndugu yangu, na usianze kujiona umepitwa, hali hii imewakuta wengi tena wazuri tu. 2020 na 2021 mikopo ilikuwa rahisi na kila kampuni inakimbilia mtandaoni, wakaajiri mpaka wakapitiliza. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, kufika Julai 2023 ilishakuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na mabosi wakaanza kuulizwa faida iko wapi. Meta ikatangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, na ukiwa sokoni na watu wa aina hiyo mnunuzi anachagua anavyotaka.

Kontrakta, yaani mtu wa mkataba kama wewe, ndo hutolewa kwanza, maana hakuna kiinua mgongo wala haitangazwi popote, mkataba unaachwa uishe basi. Ila ndo huyo huyo anaitwa mapema mambo yakianza kutulia, kwa sababu meneja aliyekatazwa kuajiri bado anaweza kuwa na bajeti ya mradi. Kwahiyo kazi zipo, ila fupi fupi, na unabebeshwa za watu watatu.

Sasa hiyo reti, tupige hesabu. Sema unachukua 100 kwa siku na wao wanatoa 75. Miezi mitatu ni siku kama 65 za kazi, kwa 75 unapata 4,875. Ukigoma ukapata ya 100 baada ya wiki tatu, zimebaki siku 50, yaani 5,000, bado umewazidi kidogo. Wiki ya nne ikipita bila kazi unabaki na 4,500 na ushapoteza. Swali basi ni hili, kwa unavyoliona soko lako, ndani ya wiki tatu utapata nyingine kweli? Kama moyoni unajua hapana, ongea nao.

Nimesema ongea, sijasema kubali. Usiku utoe kwenye hiyo reti, ulipiwe kivyake au usiwepo kabisa. Afu iandikwe kwamba hiyo reti ni ya miezi mitatu tu, wakitaka kuongeza muda mnaongea upya, maana wakala akishakuingiza kwenye mfumo wake kwa 75 basi kila atakapokupigia ataanzia hapo hapo.

Kuna kitu naona kinaumiza watu kuliko hata reti na hawakisomi, siku za malipo. Mkataba ukisema unalipwa siku 60 baada ya ankara, na ankara unatuma mwisho wa mwezi, basi ukianza tarehe 1 Januari hela ya kwanza unaiona mwanzoni mwa Aprili, na kazi yenyewe ishaisha! Mbaya zaidi ni kile kipengele cha "utalipwa mteja akishatulipa", hapo wewe ndo unamkopesha wakala bila riba. Omba siku 14 au 30, au utume ankara kila wiki. Mimi afadhali nipunguze kidogo kwenye reti kuliko kusaini kipengele hicho.

Na muulize wakala mteja ni nani na bajeti ishasainiwa au bado. Akizungukazunguka, kuna uwezekano anakusanya sivii tu hana kazi mkononi. Usiruhusu mawakala wawili wapeleke jina lako kwa mteja mmoja, wateja wengi wakiona hivyo wanatupa sivii zote mbili ili wasiingie kwenye ugomvi wa kamisheni, na wewe hutajua kamwe kwa nini hukuitwa.

SWALI: Shikamoo anko, nimemaliza kozi ya programu, naweza kuanza moja kwa moja na mikataba?
Kinda

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa ni ngumu, sikudanganyi. Kontrakta ananunuliwa kwa sababu anajua tayari, hakuna atakayekulipa kwa siku huku anakufundisha. Tafuta ajira ya kawaida hata kama ni ya sapoti, ukae karibu na mifumo inayoharibika kweli, mikataba utaikuta.

SWALI: Nipo kwa mteja mmoja mwaka wa tatu sasa, laptopu yao, saa zao, likizo naomba kwa bosi wao, ila naitwa kontrakta. Hii ni sawa?
Nusu Mwajiriwa

JIBU: Kwenye sheria za nchi nyingi jina lililoandikwa kwenye mkataba halitoshi, wanaangalia nani anaamua ufanye nini, saa ngapi na kwa vifaa vya nani. Microsoft ilishtakiwa na watu wa hali kama yako na Desemba 2000 ikakubali kulipa dola milioni 97 kumaliza kesi. Uingereza nako kuna IR35, sheria ya kodi kwa makontrakta wanaofanya kazi kama waajiriwa, tangu 2000, na Aprili 2021 kampuni kubwa na za kati za binafsi zikapewa jukumu la kuamua kontrakta wao ni kontrakta kweli au kwenye kodi anahesabika mwajiriwa, baadhi zikaogopa zikaacha kabisa kuchukua watu wanaofanya kazi kupitia kampuni zao wenyewe. Ndo maana nasema angalia kwanza kabla hujapiga kelele, mteja akishtuka njia rahisi kwake ni kutokukuongezea mkataba. Weka kumbukumbu za imeili na ankara zako zote mahali pasipo kwenye laptopu yao, ila usinakili siri za mteja, afu muone mwanasheria wa kazi wakati mkataba bado una miezi kadhaa mbele.