Maswali ya Wasomaji: Ittoqqortoormiit, Kijiji Kinachongoja Barafu Ifungue Njia

Toleo lililopita tulitaja Ittoqqortoormiit, kijiji cha pwani ya mashariki ya Greenland kilichoko nyuzi 70 na nusu kaskazini mwa ikweta. Barua zimemiminika. Tumechagua hizi.

*Watu wapatao 350 tu, na jirani wa karibu yuko mamia ya kilomita. Kwa nini wasihamie magharibi waliko wenzao wengi? — Msomaji, Tanga*

Jibu liko baharini. Mkondo wa Greenland Mashariki hushuka kutoka Bahari ya Aktiki ukibeba barafu nene, nyingine ya miaka kadhaa, na kuirundika kwenye pwani hii. Magharibi hufikiwa na maji yenye vuguvugu kidogo kutoka kusini, ndiyo maana baadhi ya bandari za huko hazifungwi na barafu hata Januari. Kwa hesabu hiyo mashariki pasingekalika. Ila mdomoni mwa Scoresby Sund, ghuba inayoingia bara kama kilomita 350, upepo na mikondo huifukuza barafu na kuacha maji wazi hata katikati ya baridi. Wataalamu huita eneo kama hilo polinya. Sili na walrasi, wanyama wa baharini wanaovuta hewa, huja kupumua hapo, dubu mweupe huwafuata sili, na mwindaji huwafuata wote.

Wakazi wa leo si wa kale sana. Nahodha Mwingereza William Scoresby alipochora ramani ya pwani hii mwaka 1822 alikuta magofu ya nyumba, watu hakuna. Mwaka uliofuata nahodha Clavering aliwaona Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, 12 kaskazini zaidi. Tangu hapo hawakuonekana tena. Kijiji kilianzishwa mwaka 1925 na Mdenmark Ejnar Mikkelsen, aliyeleta familia kutoka Ammassalik, zaidi ya kilomita 800 kusini, ambako mawindo yalikuwa hayatoshi. Njaa haikuwa sababu pekee. Norway nayo iliidai pwani hii, na Denmark ilitaka watu wake waonekane wanaishi pale. Mahakama ya The Hague iliipa Denmark ushindi mwaka 1933.

*Unga, mafuta na misumari hufikaje? — Msomaji, Mombasa*

Kwa meli, wakati wa kiangazi tu, kwa kawaida mara mbili. Barafu hulegea Julai na bahari huanza kufunga tena Septemba. Meli ya mwisho ikishaondoka, kilichosahaulika kimesahaulika hadi Julai. Anayejenga huagiza mbao na hata bawaba mapema, kwa hesabu ya mwaka mzima. Barafu ikichelewa kuondoka, rafu za dukani huanza kupwaya. Vitu vidogo vyaweza kuja kwa ndege hadi kiwanja cha Nerlerit Inaat, kama kilomita 40 kutoka kijijini, kisha helikopta humalizia safari; ukungu ukishuka, mzigo na abiria hulala kiwanjani. Bei yake si ya kununulia vitunguu.

*Je, wanalala kwenye nyumba za theluji? Na mbwa hufungwaje kwenye sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji? — Msomaji, Arusha*

Hapana. Nyumba ni za mbao, zenye rangi kali, juu ya mwamba. Hata wahenga wa Greenland Mashariki walikaa baridi yote kwenye nyumba za mawe na udongo wenye majani, na kiangazi kwenye mahema ya ngozi.

Swali la mbwa ndilo tamu. Hawafungwi wawili wawili kwenye kamba moja kama inavyofanyika kwenye misitu ya Alaska. Kila mbwa ana kamba yake, zote zikikutana mbele ya sleji, hivyo kundi hutawanyika kama upepeo uliofunguliwa. Miti haipo, kamba hazina pa kunasa. Uzito nao husambaa juu ya barafu, na mbwa mmoja akizama ufani hawavuti wengine. Kasoro ni kwamba mbwa hubadilishana nafasi wakikimbia, na kamba hujisokota zikawa msuko mmoja. Lazima usimame uzifumue, mara nyingi kwa vidole vitupu, kwenye baridi kali. Mbao za sleji huungwa kwa kamba, si kwa misumari, ili chombo kijipinde kwenye matuta; ya misumari hupasuka.

Mwindaji hutangulia na mti wenye ncha ya chuma. Pigo moja likitoboa barafu, anarudi alikotoka. Theluji nene juu ya barafu changa ndiyo mtego: hufunika kama blanketi, na barafu chini yake hubaki nyembamba. Hatari nyingine ni upepo wa kutoka bara, unaoweza kukata kipande kizima karibu na maji wazi na kukipeleka baharini, wewe ukiwa juu yake.

*Ni kweli ini la dubu linaua? — Msomaji, Bujumbura*

Laweza. Limejaa vitamini A kiasi cha sumu: kichwa huuma, mtu hutapika, kisha ngozi humenyuka. Wainuiti hawaligusi. Nyama yenyewe huliwa, lakini ni lazima iive kabisa, katikati ifike angalau nyuzi joto 71, kwa kuwa dubu na walrasi hubeba minyoo ya trikinela. Usitegemee friza: trikinela wa Aktiki huvumilia kugandishwa. Ngozi ya nyangumi mwenye pembe, kinyume chake, huliwa mbichi, na hiyo ndiyo faida yake. Ina vitamini C, ambayo moto huiharibu, na zamani mboga hazikuwepo.

*Jua lisipozama, Mwislamu aliyefika huko afanyeje na swala na saumu? — Msomaji, Unguja*

Kijijini jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, na halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, ingawa adhuhuri huwa na mwanga hafifu wa alfajiri. Wanazuoni wengi huruhusu kufuata nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana dhahiri, na wengine husema saa za Makka. Chagua moja na mwanachuoni wako kabla ya kusafiri.