Wadogo zangu, pimeni kabla ya kuilaumu kadi ya michoro

Wiki hii nimewaona tena vijana wawili wa ofisi yetu hapa Mombasa wakiandika upya skrini nzima ya Qt Quick, zana ya kuundia sura za programu, kwa sababu ilikuwa ikikwama, bila hata mmoja wao kuuliza ni kitu gani hasa kinachochora. Nawapenda, na ndiyo maana subira imeniisha.

1. Endesheni programu kwa QSG_INFO=1, kigezo cha mazingira kinachoifanya Qt itaje inachora kwa kutumia nini. Mkikuta jina llvmpipe, yaani kichoraji kisichohitaji kadi, basi anayechora ni prosesa, wala kadi ya michoro haijaguswa.

2. Ili kuifikia kadi ya michoro, kwa kawaida Qt 6 hutumia Direct3D 11 kwenye Windows, Metal kwenye macOS na OpenGL kwenye Linux, kwa hiyo jaribuni kote.

3. Picha. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea wakala mmoja wa forodha, karibu na bandari ya Kilindini, programu ya kukagua picha za makontena. Kwangu, picha 5 za majaribio ziliteleza kama ngalawa iliyopata kusi. Kwake zilikuwa 40, na skrini ikaganda. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba kompyuta zake zimechoka. Akanunua mpya, nayo ikaganda vilevile, huku karani wake akiendelea kuandika namba za makontena daftarini kwa mkono. Usiku ule ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza: picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hata faili lake likiwa dogo, ikishafunguliwa huchukua baiti 4 kwa kila pikseli, yaani megabaiti 48. Nami nilikuwa nimetumia Repeater, ambayo huziunda zote 40 kwa pamoja. Karibu gigabaiti 2, ili kuonyesha vijipicha vya upana wa pikseli 200! Dawa ilikuwa ListView, ambayo huunda zile tu zinazohitajika kuonekana, na mstari mmoja wa sourceSize, unaoagiza picha ifunguliwe kwa ukubwa mdogo. Bei ya kompyuta ile niliikata kwenye malipo yangu, lakini uso wa yule karani bado ninao.

4. Msiwashe layer.enabled, inayochora kipengee kwanza pembeni kama picha, kwa kila kipengee, maana kila kimoja hudai teksicha yake, yaani picha yake kwenye kumbukumbu ya michoro.

5. Skrini ya 60 Hz inawapa takriban milisekunde 16.7 kwa fremu, kwa hiyo kusoma hifadhidata kusikae kwenye thredi kuu, mkondo wa kazi unaoendesha skrini.

Kesho asubuhi nileteeni matokeo ya QSG_INFO na vipimo vya picha zenu, kisha ndipo tufungue msimbo.