Zunguka msitu kwanza, praima baadaye

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili Morogoro aliniandikia: "Dada, niagize praima ngapi?" Praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoagizwa kiwandani ili kuonyesha maabara ni sehemu ipi ya DNA ya mti inakiliwe. Nilisoma ujumbe ule nikakumbuka machungu yangu.

Mti wangu ni Erythrina schliebenii, jamaa wa mbambangoma, wa misitu ya pwani ya kusini. Mwaka 1998 ulihesabiwa umetoweka duniani. Ukaonekana tena 2001 karibu na Kilwa, kisha kipande kile cha msitu kikafyekwa ili ipandwe mimea ya mafuta. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena. Miti mikubwa haikufika 50. Nilitaka alama za vinasaba nijue kama iliyobaki bado inachavushana na ya mbali au imebaki kuzaana ndugu kwa ndugu.

Nilifika maua yamewaka mekundu, matawi hayana hata jani. Nikabandua gome katikati ya miiba, nikakwangua ule utando mbichi wa ndani, nikautia kwenye bahasha yenye chembe za silika jeli za kufyonza unyevu. DNA ikatoka inavutika kama mlenda, PCR, ile njia ya kunakili DNA kwa wingi, ikagoma. Ikanibidi nirudi masika kufuata majani machanga.

Lakini kilichoniumiza ni kingine. Alama nilizotumia ni mikrosateliti, yaani mahali ambapo herufi za DNA hujirudia, GAGAGA, na idadi ya marudio hutofautiana mti kwa mti. Mimi nilijaribia praima zangu zote kwa miti minane ya kichaka kimoja, kile kilicho karibu na njia. Majibu yakarudi urefu ule ule, mti wa kwanza hadi wa nane, nisiweze kutofautisha mti na mti. Mkubwa mmoja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mti huo hauna utafiti ndani yake. Sijasahau. Nilipoleta majani ya bonde la mbali, praima zilezile zikaonyesha tofauti.

Kwa hiyo zunguka msitu, mdogo wangu. Usikusanye penye njia tu. Jaribu kwanza praima zilizotengenezwa kwa jamaa za mti wako, tena kwa miti michache inayoishi mbalimbali, ndipo utoe hela ya kuagiza mpya. Tunaharakia maabara, na mti unatuacha.

Mpangilio wa herufi za praima zangu zilizofanya kazi nitakutumia usiku huu. Wewe kamuulize mzee wa kijiji mti mwekundu mwingine uko bonde gani.