Usisubiri Moyo Ukubali, Chimba Shimo la Kwanza

Kila mwaka Agosti ikifika, huku Njombe nasikia maneno yaleyale: "Mwaka huu napanda parachichi." Desemba mvua imekolea, na shamba lilelile limejaa mahindi kama kawaida. Anayesema hivyo si mvivu. Huamka alfajiri kwenye baridi inayouma vidole, akapalilia viazi mpaka jua lizame. Kinachomshinda ni uzito wa kuanza, nami naujua kwa sababu niliubeba misimu kadhaa kabla ya kupanda mche wangu wa kwanza.

Uzito huo huja na hoja za maana. Mtaji hautoshi. Bei ya mbele haijulikani. Wazee watasemaje? Nakushauri usizidharau, zichukue moja moja uzijibu. Baba mdogo aliponiuliza, "Mwanangu, hiyo miaka tutakula nini?" alikuwa na haki ya kuuliza. Mche wa Hass, aina ya parachichi, uliobebeshwa (yaani kikonyo cha mti bora kimeungwa juu ya shina la mche mwingine) huanza kuzaa mnamo mwaka wa 3, na watoto wanakula kila siku. Nilimpeleka shambani nikamwonyesha: mti na mti mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba kama miti 80, na katikati yake tunapanda maharage mpaka matawi yatakapoanza kutanda. Hakusema amekubali. Aliuliza tu maharage gani.

Kuhusu mtaji, wengi hupiga hesabu ya ekari nzima, wakaogopa. Anza na miti unayoweza kuimwagilia kwa ndoo. Mvua zetu zikikatika Mei, kwa kawaida hazirudi hadi Novemba, na mche mchanga hauvumilii kiu ya muda huo. Juni na Julai, mabondeni, baridi kali huunguza majani machanga. Mwenye miche michache huifunika kwa nyasi jioni moja akamaliza. Mimi naona huo uchache ni faida kabisa, hata kwa mwenye fedha.

Lakini kilichonivusha hasa ni kuacha kungoja siku nitakayojisikia tayari. Niliifuata mvua. Ili mche uingie ardhini mvua zikishika, shimo lazima liwe tayari mapema: sentimita 60 upana, urefu na kina, udongo wa juu umewekwa kando yake, kisha ukachanganywa na samadi iliyoiva kabla ya kurudishwa. Shimo halidai mkopo wala ruhusa ya mtu. Nilipochimba la kwanza, usiku ule sikuwaza tena kama nianze au nisianze. Niliwaza la pili likae wapi ili mstari unyooke.

Maneno ya majirani yatakuwepo. Sikiliza zaidi mwenye miti inayozaa, umtembelee shambani, umuulize kipi kilimtesa mwaka wa kwanza.

Ukishakuwa na mashimo, nenda kitaluni wewe mwenyewe, usimtume mtu. Tazama pale mche ulipobebeshwa: pawe pameshikana vizuri, bila ufa. Unapopanda, hakikisha sehemu hiyo inabaki juu ya udongo. Na kama mwezi huu ardhi bado ni kavu, una muda wa kutosha. Jembe unalo, na jioni ya leo inatosha kwa shimo moja.