Liwali, Jumbe na Bendera ya Sultani: Majibu kwa Wasomaji wa Bagamoyo na Tanga

Msomaji wa Dunda, Bagamoyo, anauliza: Wazee wetu huwataja jumbe na liwali kwa pamoja. Je, kisheria walikuwa na hadhi moja?

La, hawakuwa na hadhi moja. Liwali alikuwa mtumishi wa Sultani wa Zanzibar aliyesimamia mji kwa niaba yake: aliteuliwa naye, akalindwa na askari wake wa Kibulushi, na aliweza kuondolewa wakati wowote Sultani alipotaka. Jumbe, kiongozi wa wenyeji wa mji, ambaye huku Mrima (pwani inayoelekea Zanzibar) aliitwa pia diwani, hakupewa kiti na Sultani. Alikipata kwa ukoo na kwa kutoa ada mbele ya wazee, ikiwamo karamu ya mji mzima, ndipo akavishwa kilemba. Kilemba kile ndicho kilichokuwa hati yake ya uongozi, na hata leo tunaita kilemba yale malipo ya heshima anayopewa mjomba harusini. Sultani alimtambua jumbe na kumpelekea zawadi, lakini kumtambua mtu si kumweka.

Msomaji wa Ngamiani, Tanga: Ikiwa Sultani ndiye aliyekuwa mtawala, kwa nini kuikodisha pwani mwaka 1888 kulileta vita?

Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani yote kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, pamoja na ushuru wa forodha, kwa muda wa miaka 50, kwa sharti kwamba utawala huo uendeshwe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Sharti hilo lilimweka liwali njia panda, maana kwa jina alibaki mtu wa Sultani huku amri zikitoka kwa wakala wa kampuni. Agosti mwaka huo, huko Pangani, liwali alikataa bendera ya kampuni isipandishwe bila idhini ya Sultani. Hapa Bagamoyo nako ugomvi ulihusu bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea kwenye nyumba ya liwali, kwa kuwa kitambaa hicho ndicho kilichowaonyesha watu liwali ni wa nani. Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Sultani aliweza kuwakodisha maliwali wake, lakini haki za majumbe hakuwa amewapa yeye, basi angezikodishaje? Mkataba ulikuwa na ufa huo kabla Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, viongozi wa vita hivyo dhidi ya Wajerumani, hawajashika silaha.

Msomaji wa Chumbageni, Tanga: Je, diwani wangu wa leo ni mrithi wa yule wa zamani?

Kwa jina tu. Huyu wa leo huchaguliwa kwa kura katika kata, na halmashauri yake inasimama juu ya ibara ya 145 na 146 za Katiba ya 1977 na sheria za serikali za mitaa za 1982.

Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo: Je, Tanganyika huru iliwahi kuwa chini ya ufalme?

Ndiyo, kwa mwaka mmoja. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962 Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Machifu, ambao Waingereza waliwapa mamlaka chini ya sheria ya 1926, walikuwa bado na vyeo vyao. Vilifutwa kwa sheria mwaka 1963, nchi ikiwa tayari jamhuri.