Milioni nne, na bado usogee mwenyewe

Wahariri, swali lenu la wiki lilisema hivi: siku hizi simu zina kamera nzuri, je, kuna haja ya mtu kutoa milioni nne kununua kamera ndogo ambayo lenzi yake haibadiliki wala haivuti? Mimi ni mpiga picha wa shughuli hapa Dodoma. Nimepiga harusi, mahafali ya UDOM, vipaimara na misiba, na hakuna neno linaloniudhi kama "simu inatosha". Hata hivyo nilishika kalamu jibu likiwa mdomoni: msinunue, ni anasa ya watu wa Instagram.

Hesabu yenyewe inaniunga mkono. Fujifilm X100VI ilipotoka Februari 2024 ilitangazwa kwa dola 1,599. Dola ukiihesabu shilingi 2,500, hiyo ni milioni nne kasoro senti, hujalipa usafiri wala kodi. Leica Q3, nyingine ya aina hiyo, iliyotoka 2023 kwa dola 5,995, tuwaachie waheshimiwa. Kwa milioni nne hapa mjini unanunua pikipiki mpya, unamkabidhi kijana, analeta hesabu kila jioni. Na kwa sisi tunaoishi kwa harusi, lenzi isiyovuta ni kujitafutia balaa. Ukumbini kamati imekupanga nyuma ya meza ya keki, kanisani mchungaji hataki kukuona karibu na madhabahu. Bila lenzi ndefu utarudi na migongo ya wapambe. Tena tangu treni ya SGR ianze kufika huku, 2024 hiyo hiyo, mpiga picha wa Dar anashuka stesheni mchana na mabegi mawili ya vifaa, anamaliza send-off, kesho asubuhi yuko kwao. Wewe nenda na kikamera cha mfukoni uone kama mwenyekiti wa kamati hatakuuliza mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi.

Hayo ndiyo majibu ya swali lenu. Ila mimi naona mmeuliza nusu. Kamera hizi zina upana mmoja tu: hiyo X100 ni sawa na lenzi ya milimita 35 kwenye kamera za mkanda, na Ricoh GR III, kikamera kingine cha mfukoni, ni 28, pana zaidi. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, lazima usimame pale ambapo angeweza kukupiga kofi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mtu ajiulize: mimi nani ataniruhusu nisogee hapo?

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya kifamilia Mvumi, hapa hapa Dodoma, msimu ule wa upepo. Kamera yangu ilikuwa kwa fundi Dar, na fundi alikuwa kwenye ile "kesho kaka" yao. Mtoto wa dada yangu alikuja na X100V, ile ya 2020 iliyotangulia X100VI, akaniambia, "Mjomba, shika hii, mimi leo nataka kula." Nikaishika kwa dharau kabisa. Haina uzito, ina rangi ya fedha juu, na kwa mbali ungesema imetoka kwenye kabati la marehemu babu.

Akina mama wa muheme, ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, walikuwa wamekaa chini ya mbuyu. Anayeijua Mvumi mwezi wa nane anajua mbuyu wakati huo hauna jani hata moja, kivuli chake ni mistari tu, huku jani na huku jua kali. Samahani, majani yenyewe hakuna. Ni matawi tu yanayochora mistari kwenye nyuso za watu. Ngozi za ngoma zilikuwa zimeshapashwa moto, kila mama ameibana ngoma yake kati ya mapaja. Anayeongoza alikuwa bibi mmoja mwembamba, khanga kaivuta hadi kwenye nyusi. Kwa miaka yote nimewapiga picha akina mama wa namna hii kwa mbali na lenzi ndefu, na kila mara yanatokea mambo mawili: ama wanakakamaa, ama mmoja anapaza sauti kuuliza nani amemlipa nani.

Nikasogea, nikamsalimu kwa Kigogo: "Mbukwa, bibi." Akaitikia, macho yako kwenye kamera.

"Mjukuu, hizi za mkanda bado zipo?"

"Hii si ya mkanda, bibi. Imefanana nazo tu."

"Haya. Utasafisha lini?"

Nikamwambia nitasafisha wiki ijayo na kumletea. Akaiomba, akachungulia. Ile kamera ina kitundu ambacho ukitaka unaona kupitia kioo, bila kutazama skrini, na bibi akawaangalia wenzake mmoja mmoja humo huku akicheka na kuwasema kwa Kigogo mambo ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Kisha akanirudishia na amri: "Usinipige umesimama juu yangu. Kaa." Palikuwa na debe, nikaligeuza, nikakaa. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana. Wakaanza.

Hapo ndipo kamera ilipofanya kitu ambacho yangu haifanyi. Saa sita ya Dodoma, mwenye khanga hadi kwenye nyusi hana macho, ana mashimo mawili meusi. Dawa yake ni kuongeza flashi kidogo mchana huo huo. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zinaigomea flashi ukivuka spidi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, na kwa jua lile picha inaungua, au ununue flashi kubwa inayoweza kuidanganya spidi hiyo. Shata ya hii, yaani kile kipazia kinachofungulia na kufungia mwanga, imo ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo haina mgomo huo. Niliweka 1/1000, flashi yake ndogo iliyo mbele ikawaka, macho ya bibi yakaonekana, na mbingu nyuma yake ikabaki ya bluu. Kiganja chake nacho kimesimama hewani juu ya ngozi ya ngoma, nyufa za vidole zimejaa vumbi. Na hakuna aliyegeuka, maana haina ule mlio wa "kacha-kacha" unaomfanya kila mtu avae uso wa picha.

Simu je? Nilikuwa nayo mfukoni. Kijana mmoja pembeni alinyanyua ya kwake na mama wa pili akajifunika papo hapo: "Usinirushe!" Siku hizi simu ikiinuliwa watu wanaiona TikTok kabla hawajamwona aliyeishika. Ile ya "mkanda" hawakuiogopa.

Gari la bibi harusi lilipofika, mambo yakageuka. Lilisimama mbali, umati umelizunguka, na lenzi haivuti. Nilipata paa la gari na mikono ya watu. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, utakata baadaye, ina megapikseli 26." Nilikata. Ikabaki picha ya paa, kubwa zaidi.

Picha ya bibi niliisafisha nikaipeleka. Aliitazama muda mrefu, akasema nimemzeesha, halafu akaweka kidole kwa jirani yake: "Huyu wa pembeni mwondoe, uniletee nyingine." Nikampelekea nyingine. Hakuuliza habari za malipo, ila jirani naye alitaka ya kwake.

Sasa nikijisoma, naona sipingi tena kama nilivyoanza. Lakini nisiwadanganye. Sehemu ya picha ile ni lile debe. Canon yangu kuukuu yenye lenzi ya milimita 50, nikikaa palepale, ingenipa nusu yake, labda zaidi, ingawa sina hakika kama bibi angeniambia nikae. Halafu kuna vumbi letu. X100V na X100VI zinajikinga na vumbi pale tu ukizifunga pete na filta mbele, na vyote viwili unanunua pembeni. Ricoh GR lenzi yake inatoka na kuingia kila ukiwasha, na inajulikana kwa kuingiza vumbi hadi kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Lenzi ya kamera hizi haifunguliwi, kwa hiyo huwezi kufuta vumbi la ndani mwenyewe, na mimi simjui fundi wa hapa mjini ninayeweza kumpa aifungue nikalala usingizi. Mtu wa mitaa yetu ya Kisasa au Nkuhungu anayetembea kwa miguu mwezi wa nane anielewe.

Basi jibu langu ni hili. Kama unatafuta hela kwa picha, usianze na hii, nunua ya kubadilisha lenzi hata iliyotumika. Kama ada za watoto hazijalipwa, mada imefungwa. Kama unayo kazi, unayo kamera ya harusi tayari, na una watu ambao ungependa kukaa nao magoti kwa magoti, basi nunua, lakini iliyotumika, X100F ya 2017 inatosha sana, pamoja na kifuko cha kufunga zipu.

Mimi nimemwandikia mpwa wangu nikamuuliza anauza ile yake kiasi gani. Amejibu bei aliyonunulia ikiwa mpya, hapungui hata shilingi, na akanikumbusha kwamba 2022 na 2023 watu walikuwa wakiziuza zilizotumika ghali kuliko mpya za dukani. Nimemwambia hiyo ilikuwa kabla ya VI kutoka, na kwamba mjomba ni mjomba. Tunaendelea kuvutana.