Mchezaji akikwambia gemu yako ni ghali, muulize aliachia wapi

Ujumbe wa kwanza wa malalamiko ulikuwa na maneno matatu tu: "Mia tatu? Ghali."

Nilikuwa nimemaliza mwaka na nusu nikitengeneza gemu ya bao la Kiswahili ya kuchezea kwenye simu, peke yangu, usiku baada ya kazi, hapa Mombasa. Kuipakua bure, sehemu ya mwanzo bure, kuifungua yote shilingi 300. Kufikia siku ya tatu walikuwa watu kumi na mmoja wanaolia na bei. Nami nikafanya kosa ambalo nakuomba wewe unayetoa gemu yako ya kwanza usilifanye: nilishusha bei hadi 100 bila kumuuliza mtu hata swali moja.

Piga hesabu yake. Google Play huchukua asilimia 15 kwetu sisi wadogo, kwa hiyo katika 300 nilikuwa nabaki na 255 kabla ya kodi. Katika 100 nabaki na 85. Nilihitaji wanunuzi watatu pale nilipokuwa na mmoja, na hawakuja. Waliokuja ni wale waliokuwa wamelipa 300 wiki mbili nyuma. Mmoja aliniandikia: "Kwa hiyo sisi tuliokuamini mapema ndio tuliopigwa?" Maneno hayo yaliniuma kuliko ile "ghali", kwa sababu alikuwa na haki. Niliwarudishia pesa zao wote waliolipa wiki ile na gemu nikawaachia. Ilinigharimu karibu mapato yote ya mwezi wa kwanza, na mpaka leo sijaijutia.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliwaandikia wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, swali moja: "Ulipoacha kucheza, ulikuwa umefika wapi?"

Saba walijibu, na wote saba walitaja pahali pamoja. Anayecheza bao ataelewa mara moja. Mashimo ni 32, kete 64. Kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kulindwa, na 22 mkononi. Unanamua, yaani unaingiza kete za mkononi ubaoni moja moja, mpaka ziishe, kisha mnaingia mtaji, hatua ya kucheza na zilizo ubaoni tu. Mimi nilikuwa nimeandika namua na mtaji kama vipande viwili vya programu, kwa hiyo nikaona ni sawa namua iwe bure na mtaji uwe wa kulipia. Mchezaji hajui habari za vipande vyangu. Yeye amelinda nyumba yake tangu mwanzo, imejaa, hesabu yote iko kichwani, anangoja kula. Ghafla kioo kinafunikwa na maandishi ya kumwomba shilingi 300. Hasira ile ndiyo aliyoiita ghali.

Nilihamisha mlango wa kulipia. Sasa mtu anacheza mechi tatu nzima bure, kuanzia namua mpaka mmoja ashindwe, na ombi la kulipa linakuja baada ya mechi ya tatu kwisha. Bei nikairudisha 300, na nikaeleza wazi kwa nini. Malalamiko ya bei hayakuisha, ila yalipungua hadi nikaweza kuyajibu moja moja.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo. Mchezaji anajua vizuri sana kwamba pana kitu kimemuudhi. Jina la kitu chenyewe mara nyingi halijui, na bei ndilo jina lililo karibu na mdomo. Kazi ya kulitafuta jina ni yako.

Na usitegemee ujumbe peke yake. Keti na watu. Nilichukua simu nikaenda kwenye baraza moja Mji wa Kale ambako wazee hucheza kila baada ya alasiri, nikampa mzee mmoja bila kumweleza chochote. Alicheza hatua ya kwanza, kete zikajigawa zenyewe shimo kwa shimo. Akainua kidole, akakiacha hewani juu ya kioo. "Mwanangu, mbona zakimbia?" Nikatazama mkono wake wa kushoto: ulikuwa unagonga paja, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayegawa kete kwa mkono. Simu yangu ilikuwa imemaliza duru kabla yeye hajafika shimo la tatu. Katika nyota na maoni yote niliyopokea, hakuna aliyewahi kuandika kwamba kete zina kasi. Walikuwa wameandika "gemu inachanganya". Nilipunguza mwendo, nikaongeza mlio wa kete kuanguka shimoni, moja moja, na neno "inachanganya" likatoweka kwenye maoni.

Kuhusu kutoa bure: ukishaiweka programu bure Google Play, huwezi kuigeuza baadaye ikawa ya kulipia kuipakua. Utalazimika kutoa programu nyingine mpya na kuanza na sifuri. Unaweza kuuza vitu ndani yake, ndivyo ninavyofanya mimi, lakini uamuzi huo ufanye kabla ya siku ya kutoa, usiufanye kwa uoga wa usiku mmoja.

Kuhusu punguzo, wapo wenye mawazo tofauti na wanafanikiwa. Mimi navutiwa na watengenezaji wa gemu ya kompyuta iitwayo Factorio, kampuni ya Czechia, waliotangaza kwamba hawatoi punguzo kabisa. Januari 2023 walipandisha bei kutoka dola 30 hadi 35 na wakasema sababu ni mfumuko wa bei. Mnunuzi wao hana haja ya kungoja ofa, na aliyenunua jana hajioni mjinga leo. Nimechagua njia hiyo. Nikibadilisha bei natangaza mwezi mmoja kabla.

Bei ya nchi jirani ipange mwenyewe, usiiachie mashine ibadilishe sarafu tu. Tanzania nimeweka shilingi 3,000 za kule, ambayo ni chini ya bei ya hapa. Mkenya mmoja aliuliza kwa nini. Nilimjibu kwamba kule ndiko wachezaji wengi waliniambia wanaweza kulipa kiasi hicho, nami nataka wacheze. Alikubali. Watu wanaelewa hesabu wakionyeshwa hesabu.

Maoni ya nyota moja yajibu, lakini usijibu siku ile ile ukiwa na hasira. Google Play inakupa herufi 350 tu za jibu. Mimi huzitumia hivi: namshukuru, namtajia kile alicholalamikia kwa maneno yake mwenyewe, namwambia kitarekebishwa lini au kwa nini hakitarekebishwa. Wengine hurudi kubadilisha nyota. Asiyerudi naye nimemjibu mbele ya atakayesoma kesho.

Sasa hivi ombi ninalopokea zaidi ni kucheza watu wawili walio mbali, mmoja Lamu, mwingine Maskati. Hilo linahitaji seva, kompyuta ya kuwaunganisha wachezaji, ya kulipiwa kila mwezi, na shilingi 300 za mara moja hazitoshi kuibeba. Wiki iliyopita niliwaandikia wachezaji gharama yake yote, nikawauliza kama wangelipa 50 kwa mwezi au wangependa nibaki na bao la kwenye simu moja. Majibu yanaendelea kuingia, na nimeahidi kutoamua lolote kabla ya mwisho wa mwezi.